Wananchi wa Upande Huu

Mama Pindo aliingia ukumbini kwa kukimbia mvua, akatoka akiwa wananchi. Si mwananchi mmoja, la. Wananchi, wote kwa ujumla wao, na karatasi za ofisi zipo za kuthibitisha.

Asubuhi hiyo alikuwa ametoka kupeleka sare tisa za shule. Wakati wa kurudi mvua ikamkuta mbele ya ukumbi wa halmashauri, mlango ukiwa wazi. Juu ya mlango palikuwa na karatasi iliyoandikwa Kikao cha Maoni ya Wananchi Kuhusu Mpango wa Barabara Kuu na Makazi, lakini mtu anayelowa hasomi matangazo. Alijitupa ndani.

Ndani mlikuwa na viti mia mbili vya plastiki, vyote vitupu, na mbele kabisa meza yenye watu wawili. Wa kwanza alikuwa afisa mipango, mwanamume mrefu ambaye popote aendapo ana makaratasi yaliyoviringishwa kwapani, hata mtaani wakambandika jina la Bwana Ramani. Wa pili alikuwa karani wake, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi pembeni. Kazi ya karani ilikuwa kuandika muhtasari, na aliandika kama mtu aliyeambiwa kwamba siku ya kiyama ataulizwa neno moja moja aliloliacha.

Watu hao wawili walikuwa wamekaa pale siku ya tatu. Utaratibu wa ofisi haukuruhusu kikao kufunguliwa bila wananchi, na wala haukuruhusu kikao kuahirishwa kabla hakijafunguliwa. Kwa hiyo walinasa. Walipomwona mwanamke mlangoni anajikung'uta maji, wote wawili walisimama wima.

"Karibuni sana, wananchi," alisema Bwana Ramani.

Mama Pindo akageuka nyuma atazame ni kina nani hao wanaoingia. Hakuona mtu.

"Mimi nimejificha mvua tu, baba."

"Mmefanya vizuri sana. Kaeni popote."

"Hamna kitambaa nijifute?"

Karani akainama, akaandika. Miezi kadhaa baadaye Mama Pindo alikuja kuusoma muhtasari huo kwa macho yake mwenyewe: Wananchi waliwasili saa nne na dakika kumi. Wananchi waliomba kitambaa.

"Lakini niko peke yangu," alisema.

"Sheria inasema wananchi washirikishwe," Bwana Ramani alijibu. "Haisemi wangapi. Tumeisoma vizuri, maana siku tatu hizi hatukuwa na kazi nyingine."

Basi akakaa, akanyooshewa ramani. Yeye ni fundi cherehani wa miaka thelathini, jicho lake limezoea kusoma mistari kwenye karatasi na kujua wapi pakikatwa nguo imeharibika. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Barabara ya mbele ya duka lake, ambayo sasa mtu anavuka kwa hatua kumi na tano, ilikuwa inapanuliwa iwe na njia sita. Katikati palipita mstari mweusi mnene.

"Huu nini?"

"Ukuta. Kuzuia watu wasivuke ovyo."

"Wavukie wapi sasa?"

Bwana Ramani alisogeza kidole chake mbali, akakisogeza tena, mpaka karibu na ukingo wa karatasi. Huko palikuwa na daraja la waenda kwa miguu, lenye ngazi sabini na nne za kupanda na nyingine kama hizo za kushuka.

Na hapa lazima nikueleze habari za dada yake, maana bila yeye haya yote yangekuwa vichekesho vitupu. Dada Mkubwa, hivyo ndivyo anavyoitwa na ndugu na jirani, alikuwa anakaa ng'ambo ya barabara ileile, mkabala na duka, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mama yao alipofariki, Mama Pindo alikuwa na miaka sita na Dada Mkubwa ishirini. Ni dada aliyemlea, akamsomesha, akamkalisha kwenye cherehani na kumwonyesha jinsi ya kuingiza uzi bila kujichoma. Sasa wote wawili ni wajane, watoto wa Mama Pindo wameoa na kuolewa mbali, na Dada Mkubwa hakujaliwa mtoto. Kila siku saa nne asubuhi dada huyo huvuka barabara na fimbo yake, goti moja likiwa halikunji vizuri, akaja kukaa kwenye kigoda kando ya cherehani. Hufumua mishono, hukosoa mapindo, hugombana na redio. Jua likianza kupoa anarudi kwake. Ngazi sabini na nne kwa goti lile ni sawa na kumwambia asije tena mpaka siku ya mazishi, na hata hapo angeletwa.

"Dada yangu atapitaje?" aliuliza Mama Pindo, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Swali zuri," alisema Bwana Ramani. "Vivuko ni kikao cha nne. Hiki ni cha utangulizi."

Ndiyo sababu akarudi. Watu wanadhani alipenda ukubwa. Alirudi kwa ajili ya goti la dada yake.

Siwezi kukuficha, lakini, kwamba ukubwa nao ulimwingia kidogo. Kikao cha pili alikuta jina la Wananchi limewekwa juu ya kiti cha mbele. Wakati wa chai Bwana Ramani alimwita "Mama" na kumuuliza habari za nyumbani kama mtu yeyote mwenye adabu. Kengele ikigongwa tu, anakuwa tena "nyinyi wananchi". Ilipofika saa ya majadiliano, ratiba ilidai wananchi wajigawe katika makundi matatu: akina mama, wafanyabiashara, na wazee. Mama Pindo akakaa kona ya kwanza dakika ishirini akijadiliana na nafsi yake kama mama. Akahamia ya pili, akajadiliana kama mfanyabiashara, na huko alijikuta hakubaliani na mambo aliyoyasema kona ya kwanza. Kundi la wazee alilipita haraka, kwani alisema hajafika umri. Karani akaandika: Kundi la wazee halikuwa na la kusema.

Kura nazo zilipigwa. "Wanaokubali eneo la maegesho liwe upande wa kaskazini wanyooshe mkono." Mama Pindo akanyoosha, akafikiria, akashusha, akanyoosha tena nusu. Matokeo yalitangazwa rasmi: wananchi wamegawanyika, ila wengi wameelekea kukubali.

Na maoni yake yalifanyiwa kazi, hilo ndilo la ajabu. Kikao cha tatu alipolalamika kwamba ukumbini kuna joto, ramani iliyofuata ilikuja na miti mia nne pembezoni mwa barabara. Alipopiga chafya, kituo cha kokoto kilihamishwa kwa sababu ya vumbi. Ofisi ikawa inaandika barua zenye kichwa "Kwa Wananchi Wote", nakala moja tu, na tarishi anakuja kuibandika kwenye mlango wa duka lake. Dukani mabega yakapanda. Mteja akilalamika kwamba sketi imechelewa, anajibiwa huku futi kamba iko shingoni, "Sisi wananchi tuna mambo mengi." Siku moja alimpima mtu kiuno na kumuuliza kama anaunga mkono.

"Wewe mtoto umepatwa na nini?" alisema Dada Mkubwa kutoka kwenye kigoda. "Unaongea kama tangazo."

"Napigania njia yako, Dada."

"Njia yangu ipo. Si hiyo hapo nje?"

Dada Mkubwa hakutaka kuusikia huo ukuta. Kila ukitajwa, aliuliza uzi mweupe umewekwa wapi.

Kikao cha nne kikafika. Mama Pindo alivaa gauni lake la kitani, akasimama kabla hajaambiwa asimame, akasema wazi: kivuko cha chini, si cha ngazi, chenye taa, hapo hapo mbele ya duka, na ukuta uachwe wazi mahali hapo. Alieleza habari za wenye magoti mabovu, wenye mimba, wenye mizigo kichwani. Aliongea robo saa bila kumeza mate. Bwana Ramani alifurahi mpaka akapiga makofi, kisha akayasitisha akihofia kuonekana anapendelea.

"Maoni yamepokelewa yote," alisema. "Sasa yamebaki ya upande wa pili."

"Upande wa pili upi?"

"Barabara ina pande mbili, wananchi. Nyinyi ni wa upande huu."

Kumbe wananchi wote aliokuwa nao ni nusu tu! Ilibidi kikao kingine kifanyike ng'ambo, katika chumba cha darasa, kwa wananchi wa huko. Mama Pindo alijua hakuna atakayekwenda. Akambana dada yake.

"Dada, nenda. Wakikuuliza, waambie unavyopata tabu kuvuka. Basi, hilo tu."

"Nikawaambie watu nisiowajua habari za miguu yangu?"

"Ndiyo."

Dada Mkubwa alifumua pindo ambalo halikuwa na kosa. Lakini alikwenda. Alivaa nguo zake za kutokea, akafika mapema, akakaribishwa kwa heshima zote za wananchi wa upande wa pili.

Sasa, umjue mtu huyu. Mama yao aliwalea kwa kanuni moja: shida ya nyumbani haitolewi mbele ya mgeni. Mgeni akikuuliza hali, hali ni nzuri, hata kama paa limeondoka. Mama Pindo alikuwa mdogo, kanuni ikamwingia nusu. Dada Mkubwa alikuwa mkubwa, ikamwingia yote. Huyu ni mtu aliyewahi kwenda hospitali ameteguka, daktari akamuuliza anaumwa wapi, akajibu hajambo, vipi yeye na familia yake. Akarudi nyumbani vilevile na mguu wake. Basi Bwana Ramani alipouliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Je, wananchi wa upande huu mna shida yoyote ya kuvuka?" alijibu alivyofundishwa.

"Hatuna shida. Tunashukuru."

Karani akaandika.

Rasimu iliyofuata ililetwa dukani na Bwana Ramani mwenyewe, uso umemchanua. Aliitandaza juu ya meza ya kukatia, akaishikilia kwa mkasi na pasi baridi. Kivuko kilikuwepo, mistari myeupe mizuri, mbele ya duka hasa. Kilianzia mlangoni kwa Mama Pindo, kikapita njia tatu, kikakoma.

"Kinaishia wapi hiki?"

"Ukutani. Upande huu walihitaji kivuko, upande wa pili hawakuhitaji. Tumewasikiliza wote."

"Halafu mtu akifika ukutani anafanyaje?"

"Anarudi. Taa ya kurudia ni hii hapa."

"Atoke kwake, aende mpaka ukutani, kufanya nini?"

Bwana Ramani alitazama ramani yake kwa mara ya kwanza kama mtu wa kawaida. "Hilo wananchi hawakulisema," alikiri.

"Tungeweza kuweka benchi," karani aliongeza kutoka mlangoni, kwa moyo mwema.

Mama Pindo aligeuka kumtazama dada yake pale kigodani. Dada Mkubwa alikuwa ameshughulika na sindano.

"Dada, ulisema huna shida?"

"Waliniuliza kwa adabu, nikawajibu kwa adabu."

"Kwa adabu! Umejifungia nje kwa adabu!"

Mbele ya wageni, sauti ile. Dada Mkubwa aliichomeka sindano kwenye mto wake, akachukua fimbo, akaondoka. Mama Pindo alimtazama akivuka, magari yakimpigia honi, naye hageuzi shingo. Kesho yake saa nne kigoda kilikuwa kitupu. Keshokutwa pia. Siku ya tatu Mama Pindo alishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, akaufumua mwenyewe huku analia, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumfumulia.

Utaratibu wa ofisi una dawa ya kila kitu. Pande mbili za wananchi zikipingana, huitishwa kikao cha maridhiano, na baada ya hapo mpango unakwenda kusainiwa, hakuna kurudi nyuma. Barua ikabandikwa mlango wa duka, na nyingine ikabandikwa mlango wa ng'ambo. Mama Pindo aliziona zote mbili kutoka kwenye cherehani yake.

Siku hiyo viti mia mbili vilipangwa mia huku na mia kule, na katikati wakaacha njia pana. Mama Pindo akakalishwa mbele ya viti vyake mia moja. Dada Mkubwa aliingia na fimbo, akakaa mbele ya vyake, hakutazama ng'ambo. Bwana Ramani alieleza kwamba pande hazitaongea moja kwa moja, kuepusha vurugu. Kila neno litapitia kwake.

"Wananchi wa upande huu, semeni."

"Mwambie namwomba radhi kwa kumpandishia sauti."

"Wananchi wa upande huu wanawaomba radhi," Bwana Ramani alisema akigeukia kulia.

"Mwambie nimesikia, si kiziwi."

"Wamesikia."

"Sasa mwulize," Mama Pindo aliendelea, "mwulize kwa nini hataki kusema kwamba anashindwa kuvuka. Goti limemwisha. Namwona kila siku. Ukuta ukipanda sitamwona tena. Aseme tu, neno moja, nao waandike."

Bwana Ramani aliyafikisha yote, kwa upole aliouweza. Kisha akauliza swali lake rasmi: "Wananchi wa upande wa pili, mna shida ya kuvuka?"

Karani kalamu juu. Dada Mkubwa alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, anatazama sakafu. Miaka sitini na sita ya hali nzuri ilikuwa imemkwama mdomoni.

"Kuvuka navuka," alisema mwishoni. "Kwa kutambaa nitavuka. Shida yangu ni kurudi."

Bwana Ramani alitazama ramani, akatafuta.

"Nikirudi kule nafungua mlango, naingia, na hakuna mtu," alisema Dada Mkubwa, na safari hii hakumwambia Bwana Ramani. Alimwambia mdogo wake, ng'ambo ya ile njia pana. "Mwaka na nusu unawaomba hawa njia ya mimi kuja kwako na kurudi. Hujasema hata siku moja nisirudi."

Kwamba mdogo anamwambia mkubwa ahame nyumba ya marehemu mumewe, akaishi kwenye kichumba cha nyuma ya duka anamolala huyo mdogo, kati ya vitambaa vya watu, hilo Mama Pindo hakuliwaza kamwe. Angelionaje? Angelisema kwa mdomo gani? Alidhani ni kumvunjia heshima. Miezi kumi na minane akiwaza kupasua ukuta wa serikali, hakuwaza kusogeza kitanda.

"Nilijua utakataa," alisema.

"Ungeniuliza."

"Kichumba kidogo, Dada."

"Nimekuogesha kwenye beseni, wewe. Nakijua kidogo."

Basi Mama Pindo akalia waziwazi, akavuka ile njia ya katikati ya viti, kinyume cha utaratibu, akapiga magoti mbele ya mwenzake. "Usirudi," alimwambia. "Tangu leo. Usirudi." Dada Mkubwa alimpangusa machozi kwa ncha ya mtandio, kwa nguvu kidogo, kama anavyopanguswa mtoto mwenye makamasi.

Bwana Ramani alikohoa. Aliuliza kwa unyonge kama hayo ni maoni kuhusu usafiri.

Mtu na dada yake walikuwa wamefika nje, wameshikana mikono, karani alipowakimbilia na daftari la mahudhurio. Hawakuwa wamesaini. Mstari wa Dada Mkubwa karani alikuwa ameshaujaza mwenyewe, mpaka sehemu ya makazi: upande wa pili. Dada Mkubwa alichukua kalamu, akayakata maneno hayo kwa mstari ulionyooka, na juu yake akaandika: upande huu.

Karani aliivua miwani. "Mama, ukikata hapo, upande wa pili haubaki na mwananchi hata mmoja. Kivuko kizima nitamwandikia nani?"

"Wapo," alisema Dada Mkubwa. "Bibi wa nyumba ya kona hajatoka nje tangu mwezi jana. Mke wa seremala ana mimba ya miezi minane. Wapo tele, kagongeni milango." Aliweka saini yake, polepole, akamrudishia kalamu. "Na wakikwambieni hawana shida, msiandike. Kaeni kwanza."